Nyongeza

Nilifika Ujiji siku ya kumi na mbili ya mfungo
na sanduku la mawe ya shaba: kilo, nusu, robo.
Kazi yangu ni kukagua mizani za sokoni.
Mchana nilikula biskuti chooni kama mwizi,
maji nikayanywa bomba likiwa wazi
lifunike mlio wa koo.

Jioni nikamwuliza Mwavita wa mapokezi:
"Dada, hapa kwenu usiku mtu huenda wapi?"
Akanitazama kuanzia viatu.
"Ukitaka bia, panda pikipiki hadi Mwanga,
ukirudi pita mlango wa nyuma, mwenye nyumba hataki harufu.
Ukitaka usiku,
subiri watoke tarawehe."

Barabara ilikuwa tupu, mbwa hana wa kumbwekea.
"Amina" ya safu nzima ikashuka mteremko kuelekea ziwani.
Niliwaza bia, sidanganyi.
Pikipiki imeshawashwa, mguu wangu mmoja uko juu,
ndipo misikiti ikafunguka
na kandambili zikamwagika mtaani kama mvua ya mawe.

Nikaushusha mguu.

Sambusa zikaruka kwenye mafuta.
Uji wa pilipili manga ukapita kichwani kwa mtu.
Mlangoni kwa kinyozi runinga ilionyesha mpira bila sauti,
fundi cherehani akitangaza, kila bao akilikosesha jina.
Ukutani mabinti wa madrasa walijaribu kaswida ya Idi,
dufu likawahi, wakacheka, wakaanza upya,
dufu likawahi tena.
Mfanyabiashara wa Kalemie, vitenge begani,
alipanga bei kwa lugha tatu na vidole.

Nikakaribishwa meza ya dhumna. Nikafungwa mara nne.
"Wewe mgeni, unafanya kazi gani?"
Nilipotaja mizani
vipande vikasimama hewani.
Bi Nyamizi, muuza dagaa wa meza ya jirani,
akajifunga kanga upya:
"Kumbe ndiye atakayenifungia kesho! Mpeni kahawa, aungue ulimi."

Hamimu wa kahawa, kijana, ndevu bado za kuhesabika,
akagonganisha vikombe, akamimina, akasema:
"Mkaguzi, basi nipimie na hili,"

*Ukija kwetu Ujiji, usiulize kilabu;*
*kahawa hii si maji, usiku una sababu;*
*hata asiye mfungaji, mwezi humpa thawabu.*

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Nane. Nane. Nane. Nane.
Nikarudia wa mwisho.
"Kijana, hapa umezidisha. *Hata asiye mfungaji*: ni tisa."
Hakushtuka. Akaongeza kahawa mpaka ukingoni.
"Hiyo moja ni nyongeza. Sokoni hujawahi kupewa?"

Meza ililipuka. Bi Nyamizi alicheka hadi akashika ubao.
Mimi pia, na kashata ikanipalia,
mtu nisiyemjua akanipiga mgongo
kama anayedai deni la zamani.

Nililala saa saba. Saa tisa ngoma ya daku
ikapita chini ya dirisha, bati la maziwa na fimbo,
na mlangoni sauti ya Mwavita:
"Wali upo. Nimekuhesabu."
Sikumwambia mimi ni Mlutheri wa Njombe.
Alishajua, jina langu liko kwenye daftari lake.
Nilikula na mlinzi, sinia moja, taa ya simu katikati,
naye akanisogezea upande wenye mgebuka.

Asubuhi, sokoni, mizani ya Bi Nyamizi.
Nikaweka jiwe la kilo. Nikaliondoa. Nikaliweka.
Mshale ulisimama chini ya kilo kwa gramu thelathini:
kila kilo anayouza
mnunuzi huondoka na zaidi.
Yeye anapanga mafungu, hata hanitazami.
Sheria inasema kosa ni kosa, lirekebishwe hapo hapo.

Nikafungua sanduku
nikaanza kutafuta bisibisi,
polepole sana.